Ziara ya muziki kwa miguu: mwongozo kamili, kutoka Lushoto hadi Mtae

Kikundi cha muziki kikisema kinakwenda ziara, watu hufikiria basi la kukodi, maspika na bango la mdhamini. Mwongozo huu ni wa ziara ya namna nyingine: wanamuziki wachache wanaotembea kijiji hadi kijiji kwa njia za miguu, ala begani, wakipiga jioni na kulala kwa wenyeji. Wanatangaza sanaa ya vijiji wanavyopita, na wanaitangaza njia yenyewe, hasa kwa watu wa mkoa huohuo ambao huiona kuwa ni mambo ya Wazungu wenye mikongojo.

Mfano wangu ni milima ya Usambara Magharibi, mkoani Tanga, kutoka mji wa Lushoto kupitia Magamba, Lukozi na Rangwi hadi Mtae, pale mlima unapokatika ghafla na nyika ya Mkomazi kuonekana chini. Njia hiyo inatembewa na wageni miaka mingi, waongozaji wapo, vijiji vimeachana kwa mwendo wa siku moja moja, na yote iko ndani ya Halmashauri ya Wilaya ya Lushoto, jambo litakalokupunguzia makaratasi. Ukiwa Uluguru, Rungwe au Taita, badilisha majina tu.

Kabla ya hatua yoyote, kubali jambo moja: nusu ya kila onyesho ni ya wenyeji. Huwezi kubeba vyombo vya saa mbili za muziki mgongoni, na baada ya kupanda Magamba huna pumzi ya saa mbili za kuimba. Kikundi kinachopanga ziara ya miguu kama kinavyopanga ziara ya basi huishia siku ya pili, kimechoka na kimemchosha kila mtu.

Hatua ya kwanza: chagua msimu, kisha igawe njia

Msimu kwanza. Masika, Machi hadi Mei, njia za udongo mwekundu zinateleza na vijito vinajaa. Vuli, Oktoba hadi Desemba, ina afadhali lakini mvua za mchana huja bila hodi. Juni hadi Septemba ni kavu, na ndiyo miezi ninayoipendekeza, ila jiandae kwa ukungu na baridi: usiku wa Julai milimani unataka sweta zito na blanketi la pili. Januari na Februari nayo inafaa. Angalia pia kalenda ya watu. Wiki ya kupanda hakuna atakayekusikiliza. Mwezi wa Ramadhani, katika wilaya yenye Waislamu wengi kama hii, usiende kabisa na ngoma za jioni.

Halafu igawe njia. Kwa barabara, Lushoto hadi Mtae ni takribani kilomita 60. Njia za miguu hukata kona za barabara lakini hukulipisha kwa vilima. Mtalii mwenye chupa ya maji hutembea kwa siku tatu: Lushoto hadi Lukozi, Lukozi hadi Rangwi, Rangwi hadi Mtae. Wewe weka siku sita. Siku ya kutembea iwe na onyesho dogo au isiwe nalo, na inayofuata iwe ya kukaa: mazoezi na wenyeji asubuhi, onyesho kubwa jioni. Anayekuambia mnaweza kutembea saa sita na kupiga saa mbili kila siku hajawahi kubeba ngoma.

Sehemu ngumu ni ya mwanzo. Mji wa Lushoto uko kwenye mwinuko wa kama mita 1,400, na sehemu za juu za msitu wa Magamba zinapita mita 2,000. Kwa hiyo msifanye tamasha la kuagwa Lushoto usiku halafu mkaanza kupanda alfajiri. Pigeni mjini, laleni, pumzikeni siku nzima, ndipo muondoke.

Ukitoka Dar es Salaam au Arusha, unakata kona Mombo na kupanda kupitia Soni. Fika siku mbili kabla.

Hatua ya pili: watu

Wanne au watano. Watatu hawatoshi mmoja akiugua. Zaidi ya sita hakuna nyumba itakayowalaza pamoja. Kati yao awepo mmoja anayeongea Kisambaa. Kiswahili kinaeleweka kila mahali, lakini bibi wa miaka sabini anayejua nyimbo za zamani atakusimulia kwa lugha yake, na hapo ndipo mali ilipo.

Ongeza mwongozaji wa njia kutoka Lushoto, aliyesajiliwa, na mlipe kama wanavyomlipa watalii. Wasanii tuna tabia mbaya ya kuwaomba wenzetu wafanye kazi bure kwa sababu "ni sanaa". Mwongozaji ana watoto wanaokula.

Hatua ya tatu: vibali

Anza miezi miwili kabla. Kama kikundi chenu hakijasajiliwa Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, malizeni hilo kwanza. Ofisi ya utamaduni ya wilaya mnayoishi itawaelekeza. Kisha andika barua moja kwa mkurugenzi wa halmashauri, kupitia kwa afisa utamaduni, ukitaja vijiji vyote, tarehe, idadi ya watu na aina ya muziki. Eleza wazi kama mtatumia kipaza sauti au la. Ukipata jibu, toa nakala nyingi, kwa sababu kuanzia hapo barua inashuka: mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji, mwenyekiti wa kijiji, na nakala kituo cha polisi kilicho karibu.

Nakala hizo zipeleke mwenyewe kwa mkono. Barua iliyotumwa kwa simu inaweza kufika kwa mtendaji na isimfikie mwenyekiti, na mwenyekiti asiyejua habari zenu ana haki ya kuwauliza ninyi ni kina nani mkiwa tayari uwanjani na watoto wamekaa.

Ukitaka kupiga shuleni, ongea na mwalimu mkuu mapema, naye atakuambia kama idara ya elimu inahitaji barua yake. Msanii kutoka nje ya nchi akiwemo, BASATA na Uhamiaji wajulishwe kabla hajaingia. Usimfiche kama "rafiki anayetembea".

Msitu una mlango wake. Magamba ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS, na kuingia kuna ada. Lipeni, mchukue risiti, mwongozaji aishike.

Hatua ya nne: tafuta wenyeji kabla ya kutafuta wasikilizaji

Hapa ndipo ziara inapofaulu au kufa, kwa hiyo usiwe na haraka.

Mwezi mmoja kabla, watu wawili wa kikundi waitembee njia nzima bila ala. Mkifika kijijini, mnaanzia ofisi ya kijiji, mnapiga hodi, mnawaamkia wazee shikamoo, mnakaa. Msitoe bango la ziara siku hiyo. Ulizeni nani anapiga nini hapa, watu wana nafasi siku gani na saa ngapi, na nani atakasirika tusipompitia. Swali la tatu huwachekesha watu, lakini hulijibu, na jibu hilo litakuepusha na mengi.

Mtakuta vitu vingi kuliko mnavyodhani. Kuna wazee na akina mama wa mdumange, ngoma ya Wasambaa inayochezwa kwenye sherehe. Kuna kwaya: wamisionari wa Kilutheri walifika Mlalo mwaka 1891, na uimbaji wa sauti nne umekaa milimani tangu zama hizo, mahali pengine mtakuta na tarumbeta. Kuna dufu na kaswida za madrasa. Kuna vijana wanaorekodi bongo fleva kwa simu ndani ya chumba kilichobandikwa trei za mayai ukutani. Hawa wa mwisho wasidharauliwe. Ndio watakaowaleta vijana wenzao, na ndio watakaoendelea kuisambaza video ya ziara mkishaondoka.

Chagua kikundi mwenyeji kimoja kwa kila kituo na mkubaliane kwa maandishi, ukurasa mmoja: nani anafungua, kila upande dakika ngapi, wimbo gani mtaufanya pamoja, pesa inagawanywa vipi, nani anaruhusiwa kurekodi, chakula cha nani kinapikwa na nani na kwa malipo gani. Mwenyekiti ashuhudie. Kuandika hakuvunji undugu. Kunaukinga.

Masimulizi ya Wasambaa yanasema Mbegha, mwindaji aliyeanzisha ukoo wa watawala wa Kilindi, aliingia Shambaai, nchi ya Wasambaa, kwa miguu akitokea nchi ya Ngulu. Hakuja na jeshi. Aliwagawia watu nyama ya nguruwe mwitu aliowawinda, nao wakampa vyakula vya mashamba yao, na mwisho wakamfanya mfalme. Sikuahidi kutawazwa. Lakini utaratibu wa mgeni mwenye kitu mkononi, anayepokea pia kitu, watu wa huko wanaujua kuliko sisi. Kitu chenu kiwe ujuzi: asubuhi ya siku ya kukaa, mfundisheni kijana mmoja kufunga nyuzi za gita na kulilinganisha, naye mzee awafundishe wimbo mmoja.

Panga pia kwa ajili ya msiba. Ukitokea kijijini siku ya onyesho, onyesho limekwisha. Mnakwenda msibani, mnatoa rambirambi, mnabeba maji na kuni kama wengine. Msiulize kama mnaweza "kupiga kidogo tu upande ule mwingine".

Hatua ya tano: ala na mizigo

Kanuni ni ya kubeba kisichoazimika. Ngoma kubwa zipo vijijini, na zinalia vizuri kuliko zenu kwa sababu zimewambwa kwa hali ya hewa ya pale. Azimeni kwa heshima na malipo kidogo, na aulizwe mwenye ngoma kama ni ya kupigwa na yeyote. Nyingine zina kazi yake maalumu.

Begani kwenu pabaki gita moja la mbao, zeze au marimba ya mkono kama kuna anayeijua, filimbi, kayamba na manyanga. Mzigo wote wa mtu mmoja, pamoja na maji, usizidi moja ya tano ya uzito wake. Mwenye kilo 60 abebe 12. Toa lita mbili za maji, toa gita na mfuko wake laini, toa nguo za baridi na koti la mvua, na utaona kilichobaki ni kidogo sana. Kasha gumu la gita liache nyumbani. Uzito wake pekee unashinda gita lenyewe.

Ukungu ni adui wa kila kitu chenye mbao na ngozi. Kabla ya kutembea legeza nyuzi za gita kidogo. Ukifika usilitoe juani ghafla, na wala usiliegemeze karibu na jiko. Liache chumbani saa moja lizoee, ndipo ulilinganishe. Beba seti mbili za nyuzi, kwa kuwa hata Lushoto mjini si hakika utazipata. Ngozi ya ngoma iliyolegea kwa unyevu hupashwa kando ya moto, kwa kuizungusha, mbali kiasi cha mkono kuvumilia joto. Kazi hiyo mwachie mwenye ngoma.

Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo usipange kufunika ala kwa rambo. Kipande cha turubai jepesi kinatosha, na usiku kinakuwa mkeka.

Kuhusu spika: mimi ningeiacha. Najua spika ndogo ya kuchaji ina kilo tatu au nne tu. Shida yake ni kwamba inabadilisha mkutano. Watu wakiona spika wanasimama mbali na kungoja disko. Wasipoiona wanasogea, wanakaa chini, na wimbo unarudi kwao kwa kiitikio. Uani au chini ya mti, sauti tatu na gita zinawatosha watu mia moja. Mkishindwa kuwatosha, wenyeji wana ngoma.

Hatua ya sita: miguu na koo

Wiki sita kabla, kila mmoja aanze kutembea na mzigo wake, mara tatu kwa wiki, akitafuta vilima. Viatu visiwe vipya. Wakulima wa huko wanashuka makorongo kwa yeboyebo bila kuteleza, lakini wewe hujazaliwa na nyayo hizo. Lengelenge likianza kuwaka, simama palepale ubandike plasta; anayejikaza hadi kijiji kijacho anakaa kesho yake yote.

Koo lina mambo yake. Msiimbe mkipanda. Inavutia kwenye video lakini hewa baridi inayovutwa kwa mdomo hukausha koo, na jioni mwimbaji wenu atabaki kukwaruza. Funika shingo, kunywa maji kidogo kidogo njiani, na baada ya kufika ukae saa mbili bila kuimba. Chai ya tangawizi ipo kila kibanda. Kula makande mchana na si nusu saa kabla ya onyesho, kwa sababu ambazo kila mwimbaji anazijua.

Chandarua, dawa ya kuhara, chumvi za kurudisha maji mwilini na bandeji viwe kwenye begi la mtu mmoja anayejulikana.

Hatua ya saba: mwenendo wa njiani

Ondokeni saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Njia ya miguu huko si mahali pa mapumziko. Ndiyo barabara ya watu. Mwenye mzigo wa kabichi kichwani ndiye mwenye haki ya njia, na mwanamuziki mwenye gita anashuka pembeni. Salimieni kila mtu. Msikanyage matuta ya mtu ili kupata picha nzuri.

Ndani ya msitu wa Magamba, kimya. Mbega weupe kwa weusi wanakaa juu ya miti ile, na msitu wa hifadhi si ukumbi. Hapo mwongozaji ndiye msanii: mwacheni aoneshe mkulo na miti mingine, mchukue majina na matumizi yake, yatawafaa kwenye nyimbo.

Mkiwa na simu yenye GPS, rekodini njia: njia panda, madaraja ya magogo, vibanda vya chai, mahali pa kulala. Taarifa hizo zinaweza kuingizwa kwenye OpenStreetMap, ramani ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuijaza na kuitumia bure, na hapo mtakuwa mmeifanyia njia kazi ya kudumu kuliko bango lolote. Ila kabla ya kuweka alama kwenye chemchemi, makaburi au vichaka vya matambiko, waulizeni wazee. Wakisema hapana, haviwekwi, na picha zake hazirushwi.

Kituo kimoja kati ya vituo vyenu kiwe cha msaragambo. Muulizeni mwenyekiti ni kipande gani cha njia kimeliwa na mvua, mkatoe asubuhi moja kwa jembe na sururu pamoja na wanakijiji. Nyimbo za kazi mtazisikia hapo bila kuziomba.

Hatua ya nane: onyesho

Saa kumi na nusu jioni hadi saa kumi na mbili kasorobo. Swala ya alasiri imepita, wanafunzi wametoka, magharibi haijaingia, na bado kuna mwanga wa watu kurudi nyumbani kwa njia za kando ya mlima. Onyesho la usiku lifanywe pale tu mnapolala karibu na watu wote wanaishi jirani.

Siku ya gulio ni nafasi nzuri. Lukozi, penye biashara kubwa ya mboga, watu wanatoka vijiji vingi. Lakini gulioni piga mfupi, dakika ishirini asubuhi, kama tangazo la jioni. Watu wamekuja kuuza karoti.

Mpangilio unaofanya kazi: wenyeji wafungue, ninyi mfuate kwa nyimbo nne au tano, mzee au mwongozaji asimulie habari za njia, ule wimbo wa pamoja, kisha wenyeji wafunge. Kufunga ni heshima, na ni ya mwenye nyumba. Isitoshe mdumange ukishaanza hakuna atakayetaka kurudi kusikiliza gita.

Rangwi ni tofauti kidogo. Masista wa huko hupokea wageni, na watembeaji wengi hulala kwao. Andikeni mapema, fuateni saa zao za ukimya, na onyesho lifanyikie kijijini.

Hatua ya tisa: pesa

Ziara hii haitajirishi mtu. Gharama zake ni nauli, mwongozaji, ada ya msitu, chakula na malazi, shukrani kwa vikundi wenyeji, na akiba ya dharura ambayo isipungue sehemu moja ya kumi ya jumla. Fungu la wenyeji litengwe kabla hamjaondoka nyumbani. Msiwaambie watalipwa kulingana na makusanyo.

Kiingilio msiweke. Anayetaka kutuza atuze kama kwenye taarabu, akija mbele akicheza; mkusanyaji awe mtu wa kijiji na hesabu ifanywe mbele ya mwenyekiti jioni ileile. Namba ya simu ya kupokelea pesa iandikwe kwenye kibao, kwa ajili ya vijana walioko Dar na Tanga mjini watakaoona video na kutaka kuchangia kijiji chao.

Mtapewa pia vitu: viazi, maharage, kuku, na msimu wa Desemba plamsi za ndoo nzima. Kukataa ni ufidhuli na kubeba haiwezekani. Tangu mwanzo kubalianeni na nyumba iliyowalaza kuwa kinachotolewa kinabaki jikoni kwao.

Hatua ya kumi: mkishafika Mtae

Mabasi ya kurudi Lushoto huondoka Mtae mapema mno, alfajiri kabla hakujapambazuka. Ulizieni jioni, na mlale karibu na kituo.

Ndani ya wiki mbili, kila kikundi mwenyeji kipate rekodi zake, kwa WhatsApp au kwenye memori kadi kwa wasio na bando. Majina ya wapigaji yaandikwe kamili, kwa namna wanavyotaka yaandikwe. Wimbo mpya mliotunga pamoja ukiwa wa kusambazwa, usajiliwe COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kwa majina ya pande zote mbili kabla haujapandishwa popote. Wimbo wa zamani wa kijiji usisajiliwe kwa jina la mtu yeyote.

Afisa utamaduni mpelekee taarifa fupi: vijiji, vikundi, kipande cha njia kilichotengenezwa, kipande kilichobaki kibovu. Kama mnataka kurudi mwakani, ombeni tarehe kwenye barua hiyohiyo, na safari hii muanzie Mtae mkishuka kuelekea Lushoto, ili vikundi vilivyofunga ziara mwaka huu viwe vya kwanza kuifungua.